Kaseti ya Pili Kwanza

Watu wa mtaa wa Kondele hawajui kunyamaza mbele ya filamu ya kutisha, na mtu asiwalaumu. Msichana wa Kizungu akishika tu kitasa cha mlango wa ghala, ukumbi mzima wa video wa Mzee Obeid husimama na kumkanya: "Usiingie, wewe! Usiingie!" Msichana, kwa kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, huingia. Hapo watu humlaumu na kumlilia kwa pamoja, kama jamaa za marehemu aliyekanywa pombe miaka yote. Wiki inayofuata wanarudi kumkanya mwingine.

Nelima alikuwa akiyasikia hayo kutoka dirisha la tiketi. Alitoka Kimilili akaja kwa shangazi yake huko Manyatta baada ya kidato cha nne, akiwa na alama nzuri ya Kiingereza na asijue pa kuipeleka. Kwa miaka miwili aliuza tiketi, mkono mmoja nje kwa wateja, shingo imegeuzwa ndani kwa televisheni. Shingo ilimuuma na hakujali. Filamu za kutisha alizipenda kupita kiasi. Alijua gari litakataa kuwaka lini, paka ataruka kutoka wapi, na ni nani kati ya marafiki watano hatafika asubuhi.

Aliyekuwa na maikrofoni pale ni Zadock, jina la mtaani Sauti. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti kando ya televisheni na kuwatafsiria watu filamu papo hapo, kwa Kiswahili cha Kondele chenye Sheng na Dholuo ndani yake. Katika filamu za ngumi hakuwa na mpinzani, kwa maana alitafsiri hata ngumi zenyewe. Lakini za kutisha zilimkera. Alitaka watu wakae kimya kama wako kanisani, nao walikuwa wakimfunika kwa kelele. "Wananchi, either mnyamaze ama nizime hii kitu!" alikuwa akifoka, na watu wakanyamaza kwa shingo upande, na filamu ikafa mbele ya macho yao.

Jambo hilo lilimchoma Nelima kuliko alivyoweza kueleza. Kwa mawazo yake, fundi wa baiskeli hakuja pale Jumamosi alasiri ili atishwe kama mtoto. Alikuja kwa sababu wiki nzima mambo yalimwangukia bila taarifa: bei ya sukari, askari wa kaunsili, homa ya mtoto. Ndani ya ukumbi ule alijua kitakachotokea kabla hakijatokea, na alikuwa na haki ya kukisema kwa sauti. Kumnyamazisha ilikuwa dhuluma, na Nelima aliichukia.

Alimwomba Mzee Obeid maikrofoni mara nne. Obeid alikuwa mtu mpole wa maneno machache, mjukuu wa watu waliokuja na reli kutoka pwani, na kila mara alijibu kwa swali.

"Msichana, na filamu ya damu? Watu watasema nini?"

"Watasema usiingie, Mzee. Si ndiyo wanasema kila siku?"

Obeid alicheka, lakini maikrofoni hakutoa. Kilichomgeuza ni filamu moja. Katikati ya mwaka tisini na saba, Muhidin, yule mwuza kaseti wa karibu na msikiti, alileta habari kwamba kuna filamu imeingia Kampala na inakuja kupitia Busia. Vijana walioko ndani yake wametazama filamu zote za kutisha, wanazijua kanuni zake zote, wanazitaja kwa midomo yao wenyewe, na bado muuaji anawafuata. Zadock aliposikia alisonya. Filamu yenye maneno mengi hivyo, na watu wapige kelele juu yake? Hapana, yeye hataitafsiri.

"Basi nipe mimi," Nelima alisema.

Obeid aliinua kidole kimoja. "Jumamosi moja," alisema. "Watu wakikaa mpaka mwisho, Jumamosi zote za kutisha ni zako, na Zadock abaki na ngumi zake. Wakitoka, hata kama ni nusu, unarudi dirishani, na habari ya maikrofoni usinitajie tena. Tumeelewana, binti?"

"Tumeelewana, Mzee."

Usiku huo hakulala vizuri, na si kwa woga wa majini.

Jumamosi yenyewe ikaangukia siku ya harusi ya mpwa wa Obeid. Mzee akavaa kanzu mapema, akamwachia Nelima funguo za kabati la deki ya video, akaondoka. Filamu ilifika saa saba na nusu mchana, moto kutoka stendi ya mabasi, imebebwa na Muhidin mwenyewe naye akikimbilia harusi ileile. Zilikuwa kaseti mbili, kwa sababu ilikuwa ndefu na kule Kampala walinakili kwenye kaseti za saa moja moja. Hazikuwa na maandishi wala picha, ila Muhidin alikuwa amezifunga pamoja, zimesimama ubavu kwa ubavu, kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.

"Zimepangwa," alisema Muhidin, "wewe fuata tu mpango," akatoweka.

Hapa inafaa mtu aelezwe jambo moja kuhusu Muhidin. Hakuwahi kukanyaga shule ya serikali. Alisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na mpaka leo daftari lake la biashara huliandika kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Kwake yeye kitu cha kwanza kilikuwa cha kulia, tangu zamani. Obeid alisoma chuo hichohicho, kwa hiyo katika miaka sita ya biashara yao hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake. Nelima alisoma shule ya misheni. Akafungua tyubu, akachukua kaseti ya kushoto, akaitia kwenye deki.

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi mlangoni. Enos, fundi wa baiskeli, alikuwa benchi la mbele pale alipokaa kila mara, kwa kuwa kazi aliyojipa ni kutabiri nani atakufa. Zadock alikuwa benchi la nyuma kabisa, mikono kifuani, amelipa tiketi yake kama mteja yeyote ili asikose kuona msichana akiaibika. Nelima akaketi kwenye kiti. Maikrofoni ilinuka sigara za Zadock. Akaishika kwa mikono miwili.

Filamu ikaanza kwa mbio. Hakuna jina, hakuna wimbo. Msichana anakimbia ndani ya shamba la mahindi, sauti ya mbali inamwita Betsi, gauni limechanika, nyuma yake mtu amevaa kofia ya mrina asali yenye wavu usoni, mkono mmoja kifaa cha kutoa moshi, mkono mwingine kisu cha kukatia masega. Nelima hakushuku kitu. Kaseti za Kampala mara nyingi zilikatwa mwanzo.

"Watu wangu," alisema, na sauti yake ikamshangaza kwa jinsi ilivyotulia, "huyu anaitwa Betsi. Ana shida, na hatuna muda wa kusalimiana."

Watu wakacheka. Enos akapaza sauti, "Huyo hafiki mbali, yawa!"

Lakini Betsi alifika. Alijitupa ndani ya duka la kukodisha video, akajificha kabatini na kijana mwenye miwani aitwaye Marko. Na pale kabatini, huku moshi ukipita chini ya mlango, Marko akaanza kunong'ona kanuni. Ukisikia kitu ghalani usiulize nani huko, kwa sababu atakujibu. Ukimwangusha muuaji usimpe mgongo, hajafa huyo. Na rafiki akija peke yake kukuokoa, kwanza muulize alikuwa wapi.

Nelima alipotafsiri kanuni hiyo ya kwanza, ukumbi ulilipuka. Yalikuwa maneno yao! Ndiyo hayo waliyokuwa wakiyapigia kelele miaka yote, na hatimaye kuna mtu ng'ambo huko aliyasikia akayatia kwenye filamu. Mama mmoja mwuza mitumba alisimama akapiga makofi. Nelima mwenyewe alijaa furaha tupu, akaendelea.

Akaja rafiki. Dani, kijana mzuri wa sura, mpole, anapumua kwa nguvu, anasema Betsi njoo nimekuja kukuokoa. Betsi akamtazama. "Ulikuwa wapi?" akauliza. Dani akarudi hatua moja nyuma, na chini ya koti lake ukaonekana ule wavu. Ukumbi ulipiga ukelele uliosikika hadi stendi. Wakapigana, Dani akaanguka, na Betsi, kwa mara ya kwanza katika historia ya wasichana wote waliopita kwenye televisheni ile, hakumpa mgongo. Akamwongezea pigo la pili. Akamwongezea la tatu. Watu wakakumbatiana.

Halafu majina yakaanza kupanda kwenye kioo.

Nelima alitazama majina yakipanda. Alitazama kaseti iliyobaki kwenye meza. Akaelewa.

"Imeisha?" aliuliza Enos. "Sasa hiyo ingine ni ya nini?"

Kisha kutoka benchi la nyuma kikaja kicheko cha Zadock, kipana, cha raha. "Jamani, huyu ameweka ya mwisho kwanza! Ametuzika kabla hatujafa! Sasa mnataka kukaa hapa kuangalia nini, na muuaji mnamjua?"

Hapo zogo likaanza. "Turudishie pesa!" "Wewe nyako, msichana gani wewe, umetubeba ujinga aje?" Safu mbili za nyuma zilikuwa zimeshasimama, na mlango ukafunguliwa, mwanga wa alasiri ukaingia ukaosha televisheni nzima. Nelima aliona Jumamosi zake zote zikitoka na watu wale. Alitaka kulia. Angelia, kama asingemkasirikia Zadock kiasi kile. Zadock alisema muuaji wanamjua kana kwamba kujua ni ugonjwa!

Akainuka kitini na maikrofoni.

"Ndiyo, nimekosea," alisema. "Kosa ni langu, sitamsingizia mtu. Lakini niulize swali moja. Enos, ni filamu gani hapa ulikuja ukiwa hujui nani atakufa?"

Enos alijikuna kichwa. "Hakuna. Mimi hujua."

"Nyinyi wote hujua. Radio ikitangaza kifo, si unasikia kwanza mtu amekufa, halafu ndiyo unaenda matangani kuuliza ilikuwaje? Kuna mtu hukataa kwenda matangani kwa sababu mwisho ameshaujua?"

Kicheko kidogo. Mtu mlangoni akasimama.

"Sasa sikilizeni. Hawa watoto wa Kizungu wanajifanya wanajua kila kitu kuhusu filamu. Marko na miwani yake! Lakini kuna kitu kimoja hawajui, na nyinyi mnakijua. Dani ako hapo katikati yao, anakunywa soda yao. Leo hakuna mtu duniani anajua mambo kuliko Kondele. Mnaenda wapi?"

Akatia kaseti bila kungoja jibu. Mtu mmoja akafunga mlango. Safu mbili zikakaa, kwanza kwa makalio nusu, kama watu wanaotaka kuondoka wakati wowote.

Filamu ikaanza safari hii na jina lake na wimbo wake. Vijana watano kwenye duka la video, wanacheka. Mlango unafunguliwa, anaingia Dani na tabasamu na sahani ya keki.

"Habari zenu," Nelima alitafsiri kwa sauti ya asali, "mimi ni Dani, mtoto mzuri, mama yangu ananipenda."

"MUONGO HUYO!" ukumbi ulinguruma.

Basi ikawa kama mvua iliyofunguka. Dani akimkatia Betsi keki, watu walikitazama kisu na kupiga mayowe. Dani akisema alichelewa kwa sababu alikuwa anamsaidia babu yake na mizinga ya nyuki, mama wa mitumba alijishika kichwa: "Mizinga! Anawaambia na hawasikii!" Kitu ambacho kila filamu ilikuwa imewaficha, sasa walikuwa nacho mkononi, na kila neno la kawaida likawa linatisha. Mwaliko wa chai ulitisha. Mtu kuazima koti kulikuwa mkosi mtupu. Nelima akaacha kutafsiri nusu ya maneno, akawa anawauliza: "Marko anasema wasitengane. Watatengana?" na watu mia wakajibu kwa uchungu mkubwa, "WATATENGANA!" Wakatengana. Enos alitaja kila kifo dakika tano kabla, na alipokosea kimoja, walimzomea hadi akaomba msamaha.

Katikati ya hayo Dani akamwomba Betsi ufunguo wa mlango wa nyuma wa duka. Ufunguo tu, kwa upole, ili afunge wao walale salama. Betsi akaingiza mkono mfukoni.

"Usimpe ufunguo, wewe! Usimpe, yawa!"

Sauti hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote na ilitoka nyuma kabisa. Watu waligeuka. Zadock alikuwa amesimama juu ya benchi, kofia mkononi, jasho linamtoka, mtu aliyewanyamazisha miaka sita. Alipoona macho yote yako kwake alitaka kukaa, akashindwa, kwa sababu Betsi alikuwa anautoa ufunguo.

"Sauti amesema usimpe!" Nelima alimwambia Betsi kwenye maikrofoni. Ukumbi ukacheka hadi benchi moja likavunjika mguu.

Kuelekea mwisho palikuwa na mahali pa kimya. Mteja mzee anaingia dukani, anamkuta Marko akitazama filamu ambayo ni wazi ameitazama mara nyingi. Anamuuliza anapata faida gani, mbona mwisho anaujua. Marko anasimamisha kaseti, anamtazama. Alichojibu kilikuwa kifupi, na Nelima alikisikia kwa Kiingereza kabla hajakifikisha kwa watu. Alikuwa ameyasema hayo mwenyewe saa moja iliyopita, kwa hasira, kwa lugha nyingine, hapa Kondele.

"Anasema," alisema polepole, "anayejua mwisho ndiye anayeogopa vizuri."

Watu hawakupiga kelele. Waliitikia kwa chini, kama watu wazima wanavyoitikia neno la kweli. Nelima alifuta macho kwa kiganja, na hakujali nani anamwona.

Kaseti ikaishia Betsi anaingia kwenye mahindi. Nelima akaweka maikrofoni chini. Hakuna aliyenyanyuka.

"Sasa rudisha ile ya kwanza!" Enos alisema. "Yaani ya pili! Yaani ile! Nataka kumwona akimuuliza alikuwa wapi!"

Akairudisha. Ukumbi ukawa na watu wengi kuliko mwanzo, maana wapita njia walikuwa wameanza kujipenyeza kuja kuona ni nani anauawa watu wakafurahi hivyo. Mzee Obeid aliporudi kutoka harusini, saa kumi na moja jioni, jua bado liko juu ya paa za mabati, alikuta foleni hadi kwenye vibanda vya viatu. Ndani hakupata pa kukaa. Alisimama ukutani na kanzu yake nyeupe, akasikia watu mia wakimuuliza Dani kwa sauti moja alikuwa wapi, akangoja mpaka Dani alipopigwa la tatu.

Nelima alimfuata mwenyewe, kabla ya mtu mwingine kumfikia.

"Mzee, nilikosea. Nilianza na ya kushoto. Filamu nimeionyesha kinyume."

"Ya kushoto?" Obeid alifikiri, kisha akaanza kucheka polepole, mabega yakitikisika. "Muhidin! Na mimi miaka sita sikuwahi kufikiri." Akajifuta macho. "Kuna mtu alitoka?"

"Safu mbili zilisimama."

"Zikatoka?"

"Zikakaa," alisema Zadock, ambaye alikuwa amesogea bila kuitwa. Alikuwa hana sauti, imekauka yote. "Mzee, mimi sitaki maneno mengi. Za kutisha mpe huyu. Wallahi, mpe."

Obeid akampa Nelima mkono, kama anavyowapa wanaume wanaokubaliana naye biashara. "Jumamosi ni yako. Sasa kuna foleni nje. Safari hii weka kwa utaratibu, ya kwanza kwanza."

Neno hilo lilipenya dirishani, na foleni ikalipokea vibaya sana. "Hapana! Ya kuanzia mwisho!" "Tumeambiwa kuna ya kuanzia mwisho!" "Mzee Obeid, usituharibie!" Mtu mmoja aliyekuja kwa baiskeli kutoka Otonglo kwa sababu ya uvumi alitishia kurudi nyumbani.

Obeid aliinua mikono yote miwili akashindwa.

Wakaingia. Wakajaa hadi wengine wakakaa sakafuni mbele ya miguu ya Enos, ambaye alikuwa amelipa tena. Nelima akaketi kitini. Aliwatazama watu wake mmoja mmoja, bila haraka, akasubiri mpaka hata wanaotafuna njugu wakaacha kutafuna. Kisha akaisogeza maikrofoni mdomoni.

"Karibuni," alisema. "Muuaji anaitwa Dani."

Na ukumbi mzima ukasimama kushangilia.